Je, Wajua? Kilio cha Usiku cha Mtoto wa Mbwa
Mtoto wa mbwa aliyetoka kuachishwa ziwa hulia usiku kwa kukosa joto la mama na ndugu zake. Katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, zilizo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi huzidisha kilio hicho. Gunia kavu na kulala karibu na watu humtuliza. Akilia usiku wa manane, huenda amebanwa: mwenye miezi 2 huweza kuzuia mkojo kwa saa 2 au 3 tu. Hutolewa nje kila anapoamka au kumaliza kula, mahali palepale, na kusifiwa papo hapo. Kumchapa anapokojoa ndani humfunza kujificha tu. Sabuni yenye amonia haifai kusafishia sakafu aliyokojolea, kwani harufu yake hufanana na ya mkojo na huweza kumvuta akojoe hapo tena.