Geza Ulole

Ng'ambo ya Kivukoni, ukishaipita Mjimwema na kuendelea na barabara ya pwani, kuna mahali panaitwa Gezaulole. Zamani palijulikana kama Mbwamaji, bandari ya kale yenye makaburi na magofu yake. Miaka ya 1970 serikali iliwachukua watu wasio na kazi Dar es Salaam, ikawavusha maji na kuwapa ardhi walime kijamaa. Kijiji kikapewa jina la Kizaramo: geza ulole, jaribu uone.

Nalipenda jina hilo. Katika majina yote ya miradi ya maendeleo niliyowahi kuyasikia, hilo peke yake halikuahidi kitu.

Waliojaribu, wengine walibaki na wengine walirudi mjini. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikatungwa Sheria ya Nguvukazi, na mitaa ya Dar es Salaam ikasombwa kwa malori. Asiye na kitambulisho cha kazi alipelekwa kijijini akazalishe. Wengi walikuwa wamerudi Kariakoo kabla mihogo haijaota majani. Si kwamba walikuwa wavivu. Walishushwa mahali pasipo na nyumba wala chakula cha kuwafikisha msimu wa mavuno, pasipo na hata jirani wa kumwomba chumvi. Jina la operesheni yenyewe likaishia kwenye karatasi za wachuuzi wa mjini: leseni ya nguvu kazi.

Kilichotokea Gezaulole baadaye hakikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote wa wakati ule. Mji ulikifuata kijiji. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima hadi huko na Kibada. Mwaka 2016 likafunguliwa daraja la Kigamboni. Mwenye shamba la mihogo akajikuta ana viwanja, na aliyekuwa ameondoka akajikuta na hadithi. Utajiri ulikuja kweli, ila haukupitia kwenye mihogo.

Siku hizi hakuna anayesombwa. Tunajisomba wenyewe, na lori letu ni mchanganuo.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa mchanganuo ni nini. Huenda anao kwenye simu hivi sasa. Heka moja ya matikiti, nafasi mita mbili kwa moja, mashina 2,000. Kila shina liachiwe matunda mawili, kila tunda shilingi 1,500. Milioni sita kwa siku tisini, toa gharama, acha kazi. Hesabu haina kosa. Mwalimu yeyote wa darasa la tano ataiwekea tiki. Shida ni kwamba katika kuzidisha hakuna inzi wa matunda, hakuna pampu inayogoma siku ya jua kali, na hakuna dalali anayesimama pembeni ya shamba na kuyagawa matikiti yako kwa macho: haya namba moja, haya namba mbili, haya makapi utajua mwenyewe. Mbaya zaidi, mchanganuo uleule umesomwa na watu wengi, wote wamepanda wakiilenga Ramadhani ileile, na matunda yote yanaingia sokoni wiki moja.

Haya nayasema bila kumcheka mtu, maana mimi mwenyewe nilijisomba.

Mwaka 2011 nilinunua heka tano za ardhi huko Njombe. Wakati huo ofisi nzima tuliyofanyia kazi ilikuwa imeshikwa na homa ya miti. Mchanganuo wangu ulikuwa wa paina: mita tatu kwa tatu, miti 450 kwa heka, jumla 2,250. Baada ya miaka kumi na tano, kila mti shilingi 20,000, nami ningekuwa na milioni 45 zilizokua zenyewe wakati nimelala Tabata. Neno "zenyewe" ndilo lililoniuzia. Nilikwenda mara moja, nikasaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji, muhtasari ukagongwa mhuri, nikapiga picha nimesimama kwenye nyasi. Miche ilipandwa na msimamizi niliyempata kwa simu, na kwa simu nikawa namlipa. Picha alizonituma zilikuwa nzuri. Baadaye niligundua kwamba mbili kati yake zilikuwa za shamba la jirani.

Moto ulipita mwaka wa nne, kiangazi, miezi ile ambayo Njombe nzima nyasi zimekauka na watu wanachoma mashamba kujiandaa na mvua za Novemba. Msimamizi aliniambia kwa sauti ya msiba. Nilipofika siku kumi baadaye nilikuta heka zangu nyeusi hadi mtoni, na upande wa pili wa kijia chenye upana wa hatua tatu, miti ya mzee mmoja imesimama kijani kama haikusikia habari.

Nilimkuta mzee huyo kwake, tukasalimiana kamwene, akanikaribisha ulanzi ambao niliuogopa. Nikamuuliza, kwa heshima niliyoweza, imekuwaje moto umewashinda kwangu na haukuwashinda kwake. Alinitazama muda mrefu.

"Mwanangu, kwangu walikuja watu arobaini na matawi. Kwako tungekuja kumzimia nani? Hatukujui. Hujazika na sisi hata mtu mmoja."

Hakuna mchanganuo niliowahi kuuona wenye mstari wa kuzika. Kuna mstari wa mbegu, wa mbolea, wa dawa, wa usafiri, na siku hizi hata wa dharura, asilimia kumi. Lakini watu arobaini wenye matawi hawaji kwa asilimia kumi. Wanakuja kwa sababu ulikaa nao kwenye msiba wa Februari, mvua ikinyesha, na ulichanga debe la mahindi, na unajulikana wewe ni baba nani. Ndiyo bima ya msitu katika vijiji vile, na malipo yake ni kukaa pale.

Baadaye nilijifunza mengine ambayo ningeyajua kama ningeuliza kabla ya kununua. Barabara za moto hulimwa kila mwaka kabla ya kiangazi kukolea. Paina zisipopogolewa matawi ya chini hutoa mbao za vifundo, na mwenye ding'dong, ile mashine ya kuchania mbao inayohamishwa msitu hadi msitu, huzinunua kwa bei ya huruma. Na mwenye miti akiwa mbali, mnunuzi huhesabu miti na msimamizi, wakaelewana wao. Mwaka 2014 ulianza mpango wa Panda Miti Kibiashara, kwa msaada wa Finland, uliojishughulisha na mambo hayohayo: mbegu bora, vikundi vya wakulima wenyeji, kuzuia moto. Walianzia kwa watu wanaolala pale.

Sasa nimzungumzie dada mmoja tuliyekuwa naye kazini. Yeye hakulima kwa simu; alihama. Alikuwa amepanga vyumba viwili Tabata, analipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kila ilipofika tarehe ya kodi alikopa. Asubuhi daladala mbili, jioni daladala mbili. Kwao ni Songea, hivyo Makambako aliijua kama mji wa kushuka basi na kula chipsi. Akachagua hapo, panapokutana barabara kuu ya kwenda Zambia, barabara ya Songea na reli ya TAZARA. Alisema mahali ambapo kila mtu lazima apite hapawezi kukosa mteja.

Alifungua duka la pembejeo. Mbolea, dawa, mikasi ya kupogolea, viriba vya miche. Wakati huo homa ilikuwa imehama kutoka kwenye miti na kuingia kwenye parachichi aina ya Hass. Kila wiki walishuka watu wa Dar es Salaam na wa Dodoma wenye karatasi zao, na kila mmoja alihitaji viriba. Mwaka 2022 Tanzania na China ziliposaini makubaliano ya kuuza parachichi, homa ikapanda tena.

"Kaka, mimi siuzi parachichi," aliniambia. "Mimi nawauzia wanaosubiri parachichi."

Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Mche wa kubebeshwa huanza kuzaa kama mwaka wa tatu, na kwa wingi wa maana baadaye zaidi. Katika miaka hiyo shamba linakula tu: palizi, mbolea, maji ya kiangazi, na sehemu za juu, baridi kali ya Juni na Julai inayounguza majani machanga. Mwenye shida ya ada hukubali kuvuna kabla ya wakati, na tunda changa halina mafuta ya kutosha. Mnunuzi wa nje hulikataa, linaishia kwenye gunia la soko la ndani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayehama si shamba litatoa kiasi gani. Ni atakula nini mpaka litoe.

Duka lilimjibu swali hilo, ingawa kwa tabu. Mwaka wa kwanza aliitwa "mtu wa Dar" na kukopwa kama mtu wa Dar. Kati ya Januari na Aprili, kabla mahindi hayajakauka, wateja hawana fedha kabisa. Anasema alizoea kukaa siku nzima akiyapangusa vumbi madebe. Aliingia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, akaenda misibani, akajifunza nani analipa na nani anaahidi. Kodi ya chumba huko ilikuwa ndogo kiasi kwamba tofauti tu ilimnunulia kiwanja, na nyumba akaijenga kwa awamu, msingi mwaka huu, matofali mwaka kesho. Mahindi ya kula analima mwenyewe. Ndipo akapanda parachichi, heka moja, karibu na mji, anakofika kwa bodaboda na kurudi kufungua duka saa tatu.

Utajiri? Mwenyewe neno hilo humchekesha. Ana nyumba isiyodaiwa, watoto wanakwenda shule kwa miguu, na haogopi tarehe ya kodi. Pia ana malalamiko: mama yake alipougua alimfuata bingwa Mbeya na Dar es Salaam, nauli na malazi vikala akiba ya mwaka mzima. Mkoani bei ya nyanya ni ya kicheko, lakini bei ya ugonjwa ni ileile ya mjini, ongeza basi.

Serikali nayo ilihama. Uamuzi wa kwenda Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, ukakaa kwenye karatasi zaidi ya miaka arobaini, kisha mwaka 2016 Rais Magufuli akasema sasa tunakwenda, na tukaenda. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Dodoma na watu milioni 2.08, ya 2022 ikahesabu milioni 3.09. Waliopata katika hamahama hiyo ninawajua wa aina mbili. Kuna wenyeji na wageni wa mapema waliokuwa na maeneo Ihumwa, Nala, Iyumbu kabla ya bei kupaa. Na kuna watumishi waliohamia kweli, wakahamisha watoto, wakajenga, wakapanda mizabibu michache nyuma ya nyumba.

Kundi la tatu ni kubwa na halisemwi. Hawa mwili uko Dodoma, nyumba iko Dar es Salaam. Kodi mbili, umeme mara mbili, majiko mawili, na kila Ijumaa jioni safari. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024 iliikata safari ikawa chini ya saa nne, nasi tukashangilia. Lakini nilipopanda Ijumaa moja na kuwaona watu na mabegi madogo ya siku mbili, nilijiona mwenyewe na zile heka tano. Wamehama kama nilivyolima.

Wakati huohuo Dar es Salaam, mji tunaoapa kila siku kuukimbia, uliongezeka kutoka watu milioni 4.36 mwaka 2012 hadi milioni 5.38 mwaka 2022.

Sijahama. Watoto, mshahara, mke ambaye kazi yake iko Temeke. Sababu zangu ninazo na baadhi ni za kweli. Lakini ardhi sikuiuza. Miaka mitatu iliyopita nilipanda upya nusu heka tu, kando ya mpaka wa yule mzee, na mwanawe ndiye tutakayegawana naye mavuno yatakayokuja, nusu kwa nusu, bila mshahara wa msimamizi. Mwaka jana mzee alifariki. Nilisafiri usiku kucha, nikafika asubuhi wakati kaburi linachimbwa, nikapewa jembe bila kuulizwa mimi ni nani.