Waya wa antena ulivyowarudisha watoto sebuleni

Moshi. Saa tano usiku niliamka kunywa maji nyumbani kwa kaka yangu, Rau. Nilipopita chumba cha watoto nikaona mwanga chini ya blanketi. Mtoto wa miaka tisa alikuwa macho, simu ya mama yake mkononi, anaangalia katuni.

“Shangazi, usimwambie mama,” alininong’oneza.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri aliamshwa kuwahi basi la shule. Hata kama angelala dakika ile nilipomkuta, angekuwa amepata saa sita na nusu tu. Mtoto wa miaka sita hadi 12 anahitaji saa tisa hadi 12 za usingizi kila siku.

Kama mwandishi wa afya nilikuwa tayari kutoa somo. Lakini nilipouliza kwa nini watoto hawaangalii katuni zao kwenye televisheni sebuleni, wifi yangu alicheka. “Wifi, tatizo ni hiyo wifi yenyewe,” alisema.

Ruta yao ya laini ya simu ipo chumbani kwa wazazi, dirishani, kwa sababu hapo ndipo mtandao unakamata. Chumba cha watoto kipo jirani. Sebule ipo upande wa pili wa nyumba, na katikati kuna kuta tatu za tofali za saruji. Mawimbi yanafika yakiwa yamechoka na video inaganda kila baada ya dakika mbili. Watoto wakaiacha televisheni, wakahamia kwenye simu, na simu ikahamia kitandani.

Waya uliosahaulika

Suluhisho lilikuwa darini. Nyumba nyingi zilizojengwa zamani bado zina waya mnene wa antena, wenye uzi wa shaba katikati na wavu wa chuma kuuzunguka. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na Moshi ikafuata mwaka 2013. Familia ya kaka ikahamia kwenye dishi, ila waya wa antena, wenye tawi moja sebuleni na jingine chumbani, ukabaki bila kazi.

Waya huo unaweza kusafirisha intaneti. Kinachohitajika ni vifaa viwili vidogo vya teknolojia iitwayo MoCA. Kimoja kinaunganishwa na ruta chumbani, cha pili kinakaa nyuma ya televisheni sebuleni, na waya wa antena unaviunganisha. Wavu ule wa chuma unayakinga mawimbi, hivyo ukuta si tatizo tena.

Toleo la MoCA 2.5 lina uwezo wa hadi megabiti 2,500 kwa sekunde. Netflix inashauri megabiti tano tu kwa video angavu ya kiwango cha 1080. Yaani waya uliotupwa darini una nafasi ya kutosha na ya ziada.

Kabla hujamwita fundi

Mzazi, zingatia mambo haya.

Kwanza, waya hauleti intaneti. Unaisogeza tu kutoka chumba kimoja hadi kingine. Kama laini yako ni dhaifu, itabaki dhaifu. Na angalia bando: saa moja ya video angavu inaweza kula hadi gigabaiti tatu.

Pili, usitumie waya wa dishi linalofanya kazi. MoCA hutumia masafa ya megahezi 1,125 hadi 1,675, na waya wa dishi hutumia megahezi 950 hadi 2,150, hivyo vitagongana. Pia king’amuzi hupeleka umeme wa volti 13 au 18 kwenye dishi kupitia waya huo, na unaweza kuharibu kifaa kisichotengenezwa kwa ajili yake.

Tatu, kagua kigawanyio cha waya darini. Vingi vya zamani vimeandikwa mwisho megahezi 1,000. Kwa kaka, fundi alikiondoa na kuunga ncha mbili moja kwa moja.

Nne, kata kabisa waya unaopanda kwenye mlingoti wa antena. Sisi wa miteremko ya Kilimanjaro tunaijua radi ya masika.

Tano, vifaa hivi havipatikani kila duka. Kama fundi anaweza kupitisha waya wa kawaida wa mtandao kutoka ruta hadi televisheni, huo unatosha na mara nyingi ni nafuu zaidi.

Afya ipo wapi hapa?

Mtoto anayeangalia sebuleni anaonekana. Mama akipita na sufuria anajua ni katuni gani. Baba anaweza kusema “imetosha”, na ndugu wanagombania rimoti badala ya kila mmoja kujifungia na skrini yake. Chini ya blanketi hakuna wa kusema imetosha. Mwanga wa simu karibu na macho usiku hupunguza melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala.

Hata hivyo, waya haulei mtoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Televisheni isiyoganda inaweza kuwafanya wakae zaidi, msipoweka utaratibu.

Kaka na wifi waliweka wao. Televisheni inazimwa saa mbili usiku, simu zote zinachajiwa kwenye meza ya sebuleni, na ya baba imo. Wiki ya kwanza kulikuwa na vilio, na mkubwa kuliko vyote, wifi anasema, ulikuwa wa baba.

Nilirudi Rau wiki iliyopita. Saa tano usiku niliamka tena kunywa maji, nikachungulia chumba cha watoto. Kulikuwa giza, na mwanangu yule alikuwa anakoroma.