Maziwa yamekataliwa? Kagua kwanza chupa ya spiriti

"Bwana mifugo, wameyakataa maziwa yangu yote." Simu hiyo ilinikuta asubuhi, hata chai sijamaliza. Kijana ana ng'ombe sita, kakamua alfajiri, kachuja vizuri, kafikisha kituoni ndani ya saa moja. Mpimaji kachukua maziwa kidogo, kaongeza spiriti, katikisa, yakaganda. Lita 38 zikawekwa pembeni.

Nikamwambia usiondoke hapo, nikawasha pikipiki.

Tulianza kwa kuchemsha maziwa kidogo. Hayakukatika. Basi nikaomba chupa ya spiriti. Mpimaji, kijana muungwana tu, akasema ile iliyochanganywa iliisha jana, hii kachanganya asubuhi kwa kukadiria. Nikatumbukiza kipima kilevi, kile cha kioo kinachoelea kama laktomita. Kikasoma 82. Tukachanganya nyingine ya 70, tukarudia kipimo. Maziwa yakatulia, hakuna bonge hata moja.

Tuelewane kuhusu kipimo chenyewe. Unachukua maziwa na alkoholi kwa kiasi sawa, kwa mfano mililita mbili kwa mbili, unatikisa na kuangalia. Alkoholi inanyang'anya protini ya maziwa maji yanayoishikilia. Kama maziwa yameanza kuchacha, protini imeshalegea, inaganda hapo hapo. Vituo vingi hutumia alkoholi ya asilimia 68 hadi 75. Ukiipandisha sana, hata maziwa mazima yanaweza kuganda. Kwa hiyo namba iliyo kwenye chupa ndiyo inayoamua kama unalipwa au hulipwi.

Sasa kinachowachanganya wengi ni kwamba maji na alkoholi havijumlishiki kama maziwa na maziwa. Chukua mililita 50 za maji na 50 za alkoholi tupu, changanya: hupati 100, unapata kama 96 au 97. Hakuna kilichomwagika. Fikiria debe la mahindi ukilimiminia mtama: mtama unaingia kwenye nafasi za mahindi. Ndivyo chembe za maji na za alkoholi zinavyoshonana, tena zenyewe zinavutana, ndiyo maana chupa inapata joto mkononi wakati wa kuchanganya.

Hesabu inaharibika hapo. Una lita moja ya spiriti ya 96, unataka ya 70. Kwa hesabu ya kujumlisha utasema niongeze maji mililita 371. Ukifanya hivyo utapata karibu 72. Maji yanayohitajika hasa ni zaidi kidogo ya mililita 400. Tofauti ya asilimia mbili ni ndogo, nakubali, na siyo iliyomponza kijana wetu. Kilichomponza ni kukadiria. Ila kwa maziwa yaliyo mpakani inaweza kuumiza.

Njia rahisi ni kuacha kupima maji. Pima spiriti mililita 70, weka kwenye silinda ya kupimia, kisha jaza maji mpaka ujazo ufike 96. Unataka ya 68? Pima 68, jaza mpaka 96. Kwa lita nzima, spiriti mililita 730, jaza hadi alama ya lita moja. Tikisa, subiri ipoe, utaona imeshuka chini ya alama. Ongeza maji tena mpaka ifike. Tumia yale maji safi ya kupozwa kutoka mvuke wanayouza famasi, siyo ya kisima yenye chumvichumvi.

Kipima kilevi nacho kina ujanja wake. Kinafanya kazi kwa sababu lita ya maji ina karibu kilo moja na lita ya alkoholi tupu ina kama gramu 790 tu. Kadiri kilevi kinavyozidi, kipimo kinazama zaidi. Vingi vimetengenezwa kwa nyuzi joto 20. Kwenye chumba chenye nyuzi 30 alkoholi imetanuka, imekuwa nyepesi, kipimo kitasoma kama asilimia tatu juu ya ukweli. Weka chupa kwenye maji ya baridi kwanza.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na hili wakulima hawalilalamikii kwa sababu linawapendelea. Alkoholi tupu inachemka nyuzi 78, maji 100, kwa hiyo chupa ikikaa wazi, alkoholi ndiyo inayotangulia kuondoka. Inabaki dhaifu. Maziwa yaliyochacha yanapita, yanamiminwa kwenye tanki la wote, na hapo mnapata hasara kijiji kizima. Funga kifuniko. Na iwe mbali na moto, maana hata hiyo ya 70 inawaka vizuri sana. Kuionja ndiyo kabisa usithubutu, spiriti nyingine zina sumu ya kupofusha macho.

Nisiwalaumu wapimaji peke yao. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, mwenye ugonjwa wa kiwele, au anayekaribia kukaushwa huganda hata alkoholi ikiwa sahihi, hata kama hayajachacha. Ukikataliwa, omba kwa heshima kipimo kirudiwe kwa alkoholi mpya, kisha pima kila ng'ombe peke yake nyumbani. Mara nyingi utakuta ni mmoja tu anayeharibu ndoo nzima.

Kijana wetu alilipwa lita zake 38. Kituo sasa kina silinda ya kupimia, na chupa ina karatasi yenye tarehe ya kuchanganywa.