Kompyuta Ikigoma: Kuutibu Mfumo au Kuweka Mwingine?

Katika kijiji cha Nyakalengija, chini ya milima ya Rwenzori wilayani Kasese, wapanda mlima huteremka garini na kuanza safari kwa miguu kando ya mto Mubuku. Ni mahali pa mashamba ya kahawa, wapagazi na waongoza wageni. Humo, kama ilivyo katika kambi za askari na nyumba za polisi, kompyuta mpakato imeanza kushika nafasi iliyokuwa ya cherehani: chombo kimoja cha thamani, kimefunikwa kitambaa, na kila mtu wa nyumba ana haja nacho.

Siku chombo hicho kinapogoma, aliyekinunua mara nyingi hayupo. Yuko zamu, au kikosi chake kimepelekwa mbali, na mkewe ndiye apaswaye kuamua. Fundi yuko mjini Kasese, mwendo wa kilomita 20 na ushei, na jibu lake aghalabu ni moja: tupige Windows mpya. Huenda ni kweli. Huenda pia ni kumkata mtu mguu kwa sababu ya mwiba.

Yafaa kwanza kujua kinachougua. Mfumo wa uendeshaji ni ile programu kuu inayosimama kati ya mashine na kazi zote. Mtu anaweza kuufananisha na ofisa wa zamu kituoni. Hakuna aingiaye wala atokaye bila kupita kwake. Ndiye anayejua funguo ziko wapi na jalada lipi limewekwa kabati gani. Ofisa huyo akianguka, kituo husimama, lakini majalada bado yamo kabatini. Vivyo hivyo, picha za harusi, hesabu za kahawa, nakala za barua ya kuajiriwa na kazi za mtoto aliye sekondari kwa kawaida bado zimo ndani ya diski hata kama kioo kimekuwa cheusi. Upigaji wa haraka wa Windows mpya, ule wa kufuta diski yote, ndio unaoweza kuyapoteza majalada hayo.

Tena, si kila ugonjwa ni wa mfumo. Ikiwa saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kadhaa kila inapozimwa, na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka, mara nyingi aliyekwisha ni betri ndogo ya mviringo iliyo ndani, mfano wa kitufe cha koti. Bei yake ni ndogo mno. Ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga-gonga, hiyo inakufa, na mfumo mpya utakaowekwa juu yake utakufa nayo. Hapo dawa ni kuokoa mafaili upesi na kununua diski nyingine. Diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka huipa mashine kongwe wepesi ambao mfumo mpya peke yake hauwezi kuipa.

Dunia imepata mafunzo mawili makubwa juu ya jambo hili. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye Windows zilianguka kwa pamoja. Ndege hazikuruka, na hospitali na benki zikakwama. Kumbe Windows yenyewe haikuwa na kosa. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilikuwa imetuma faili moja mbovu. Kwa kompyuta nyingi dawa ilikuwa kuiwasha katika hali ya usalama na kulifuta faili hilo, basi. Aliyekimbilia kufuta diski yote alijitwika hasara ya bure.

Funzo la pili ni kinyume chake. Mwezi Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikayafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliwarudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka ule, lakini wengi hawakukiweka. Na waliobaki na Windows XP hawakuwa na kiraka cha kuweka, kwa sababu matunzo yake ya kawaida yalikoma tarehe 8 Aprili 2014. Watengenezaji walilazimika kuwatolea cha dharura wakati moto umekwisha kuwaka.

Kwa hiyo swali kubwa kuliko la ubovu ni hili: je, mfumo uliomo bado unatunzwa na wenyewe? Kama unatunzwa, hitilafu ya jana itibiwe. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, matunzo yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani walipewa njia ya kujiandikisha wapate viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na hapo mwisho. Kuitengeneza Windows 10 ili kuyatoa mafaili ni busara. Kuitengeneza ili itumike miaka mitano mingine kwa mambo ya benki na barua za kazini ni kukarabati nyumba ambayo mlinzi wake amestaafu.

Windows 11 nayo haiingii kila mahali. Hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hukataliwa. Faili lake la kusimika hupita gigabaiti 5, na katika Uganda bando la intaneti hubeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Kulipakua kijijini kwa simu, umeme ukitishia kukatika, si shauri jema. Umeme ukikatika katikati ya usimikaji, mfumo waweza kuharibika zaidi ya ulivyokuwa. Afadhali fundi wa mjini mwenye faili hilo tayari katika flashi.

Kwa mashine iliyokataliwa iko njia ambayo mafundi wengi hawaitaji, labda kwa kuwa haina faida kubwa kwao: mifumo ya Linux, kama vile Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004 na ambayo jina lake maana yake ni utu. Ni ya bure na hutunzwa. Huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski, hivyo pia ni chombo kizuri cha kuyaokoa mafaili ya Windows iliyoanguka. Taabu yake ni kwamba baadhi ya programu zilizozoeleka hazimo, na barua iliyopangwa vizuri katika Word yaweza kusogea mistari.

Mama anayeipeleka kompyuta mjini na amwambie fundi neno la kwanza: mafaili yanakiliwe kabla ya jambo lolote, naye ayafungue mawili matatu mbele yake kuhakikisha. Ikiwa Windows bado inaweza kurejeshwa kwa njia yake yenyewe ya kubakiza mafaili, hiyo ijaribiwe kwanza. Programu zitaondoka, lakini picha na barua zitabaki. Windows ya wizi, inayofunguliwa kwa programu za kuvunja leseni, ikataliwe, maana programu hizo mara nyingi huja na virusi. Na ikiwa diski imebadilishwa, ile ya zamani arudi nayo nyumbani mkobani, hata kama fundi anasema haifai kitu.