Somo la Redio: Kopo la Kunasia Oili kwenye Gari la Turbo

Leo tutazungumza habari za kopo dogo ambalo watu wengi wenye magari ya turbo hulifunga chini ya boneti. Wengine hulifunga kwa sababu wanajua kazi yake. Wengine hulifunga kwa sababu jirani amelifunga. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: ringi, valvu, intakula. Tutayatumia sana.

Kwanza yafaa tujue oili inayonaswa yatoka wapi. Fikirini pampu ya baisikeli. Ndani yake mna kipande cha ngozi kinachobana ukuta wa pampu ili hewa isirudi nyuma. Ngozi ikizeeka, wewe wasukuma, na hewa yarudi mkononi mwako. Katika injini pistoni ni kama kile kijiti cha pampu, na ringi za chuma ndizo ngozi yake. Lakini hata ringi mpya haziwezi kuziba kabisa. Kila mara petroli inapowaka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kushuka chini, mahali oili inapokaa. Gesi hiyo ni ya moto. Ina mvuke wa maji, petroli isiyoungua, na masizi. Huko chini hukuta oili inarushwa huku na huku na krankshafti, ikachukua matone madogo mno, madogo kama ukungu wa asubuhi.

Gesi hiyo lazima ipate njia ya kutoka. Zamani ilitolewa nje kwa bomba tu, na oili ikadondoka barabarani. Kisha huko California, Marekani, magari mapya ya mwaka 1961 yalianza kufungwa valvu ya kuirudisha ndani ya injini ikaungue tena, maana ilionekana kuwa inachafua hewa ya miji. Tangu hapo njia hiyo imeenea duniani.

Sasa tuje kwenye turbo. Turbo ni feni mbili katika mhimili mmoja. Moja huzungushwa na moshi wa ekzosi, na ya pili husukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi yaweza kuungua, na nguvu huzidi. Lakini msukumo ukizidi juu ya pistoni, gesi inayopenya kwenye ringi nayo huzidi. Ndiyo sababu habari hii yawahusu zaidi wenye turbo.

Tuchukue gari moja liwe mfano wetu: Subaru Forester ya turbo, yenye injini ya EJ20. Magari haya yalipokwisha kutumika Japani yaliletwa Mombasa, na mjini Nairobi utayaona mengi. Silinda zake nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto. Gesi yake hutoka kwa njia mbili. Unapokwenda polepole, ndani ya manifoldi mna mvuto; valvu hufunguka, na gesi hunyonywa humo. Unapokanyaga mafuta sana, turbo hujaza manifoldi hewa kwa nguvu. Hapo valvu hujifunga ili hewa hiyo isirudi kwenye oili, na gesi hutoka kwa mipira mingine mpaka kwenye bomba la kuingizia hewa la turbo. Turbo huimeza gesi pamoja na ukungu wake, na kuisukuma katika intakula.

Intakula ni rejeta ya hewa. Hewa iliyosukumwa na turbo huwa ya moto, na intakula huipoza. Ukungu wa oili ukigusa mahali penye baridi hugeuka matone, kama mvuke wa sufuria unavyogeuka maji kwenye kifuniko. Siku nyingi zikipita, intakula hupakwa oili ndani, na haipozi vizuri. Tena oili ikiingia pamoja na petroli, petroli huelekea kuwaka yenyewe kabla ya wakati wake. Mafundi husema injini inagonga. Injini ya turbo ikiachwa igonge muda mrefu, pistoni huvunjika, na hiyo ni gharama ya injini nzima.

Katika EJ20 petroli hunyunyizwa nyuma ya valvu za kuingizia hewa, nayo huziosha. Lakini Forester XT ya kizazi kilichotoka Japani mwishoni mwa 2012 hunyunyiziwa petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Valvu zake hazioshwi. Oili hukauka juu yake na kuwa ukoko mweusi, kama ukoko wa sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Je, kila gari la turbo lahitaji kopo? Mimi nasema hapana. Mwambie fundi afungue mpira mmoja wa intakula, kisha upitishe kitambaa cheupe ndani. Ukiona unyevu mwembamba wa oili, ni jambo la kawaida, na ukipenda waweza kufunga kopo. Ukiona oili inachuruzika, usikimbilie dukani. Ipashe injini moto, iache ingurume polepole, kisha fungua kifuniko cha kutilia oili kwa uangalifu. Moshi mdogo si kitu. Lakini moshi ukitoka kwa kupuliza, kama gari-moshi, ringi zimekwisha, au pistoni imepasuka. Pima msukumo wa kila silinda. Kopo haliponyi ringi. Litakuficha ugonjwa mpaka siku injini itakapokufa njiani.

Kama injini ni nzima, tuchague kopo. Yako makopo mazuri kwa macho, yamepakwa rangi nyekundu na buluu, na ndani ni matupu kama debe. Gesi huingia upande huu na kutokea upande ule na ukungu wake wote. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, fungua kifuniko utazame. Kopo la kweli lina kuta za ndani za kuilazimisha gesi izunguke, au lina sufu ya chuma au wavu mwembamba wa kukamata ukungu. Yafaa liwe na mahali pa kupimia oili, na kizibo cha kumwagia chini. Kwa gari la barabarani, kopo la nusu lita latosha watu wengi. Magari ya mashindano ya FIA yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 2000 hutakiwa kuwa na chombo cha lita 2 au zaidi, lakini hayo hukanyagwa mafuta mchana kutwa. Alipoishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, Colin McRae hakuwa akienda sokoni kununua nyanya!

Tazama pia matundu ya kopo. Yasiwe membamba kuliko mipira ya injini. Hili nalitia mkazo, maana hapa ndipo watu huharibu. Njia ikiwa nyembamba, gesi hujaa ndani ya injini. Ikikosa pa kutokea, husukuma sili na kutoa oili nje. Tena oili iliyolainisha turbo hurudi chini kwa uzito wake tu; gesi ikijaa huko chini, oili haishuki, nayo huvuja ndani ya turbo, na gari hutoa moshi wa buluu. Hapo mwenye gari hununua turbo mpya, na tatizo labaki palepale.

Mipira nayo ina habari yake. Usitumie mpira wa kumwagilia bustani, wala mpira wa maji ya rejeta. Mpira wa maji ukikutana na oili hufura, ukalegea na kuoza. Omba mpira wa oili au petroli, mnene, usionyong'onyea ukivutwa kwa nguvu.

Kufunga si kazi ngumu. Injini iwe baridi. Tafuta mahali penye ubaridi na hewa. Katika Subaru yetu turbo yakaa nyuma upande wa kulia, kwa hiyo usifunge kopo karibu nayo. Kopo lisimame wima, lishikwe na breketi ya chuma kwenye bodi, na mipira iachiwe ulegevu kidogo kwa sababu injini hutikisika. Mipira isining'inie katikati kama kamba ya kuanikia nguo, kwani maji na oili vitatuama hapo na kuziba njia. Kwa EJ20 mimi ningeanza na njia ile ya kwenda turbo: mpira utokao injini uingie kopo, na mpira utokao kopo uende turbo. Ukitaka kufunga na ile njia ya valvu, kopo liwe kati ya injini na valvu, nayo valvu ibaki upande wa manifoldi. Usiigeuze valvu, wala usiitoe. Ikitolewa, turbo itasukuma hewa mpaka kwenye oili. Kila kiungo kitiwe klipu.

Wako watu wanaoacha kopo wazi litoe gesi nje. Kwa gari la barabarani mimi sikubali. Nchi nyingi zimekataza, na harufu ya petroli huingia ndani ya gari ulimoweka watoto.

Baada ya kilomita 500 fungua kopo utazame. Ukikuta uji wa rangi ya chai ya maziwa, usiogope: ni oili na maji, na hutokea zaidi kwa gari la safari fupi au la nchi za baridi. Lakini uji huohuo ukionekana kwenye kijiti cha kupimia oili, na maji ya rejeta yanapungua, mwite fundi atazame gasketi. Usiirudishe oili ya kopo ndani ya injini. Usiimwage mtaroni. Itie katika galoni pamoja na oili chafu, uipeleke gereji wanakoikusanya. Ukisha kujua kopo lajaa kwa kasi gani, utajua mwenyewe siku za kulimwaga.

Neno la mwisho ni kwa wenye pikapu za dizeli. Injini ya dizeli yaweza kuungua oili yake yenyewe. Kopo likisahauliwa likajaa, oili yaweza kunyonywa yote kwa mara moja. Injini itanguruma kwa kasi yake yenyewe, na ukizima ufunguo haitazimika, maana haili tena dizeli ya tangi. Kama ni gari la gia za mkono na limesimama, tia gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote, uachie klachi mpaka injini ishindwe. Kama haiwezekani, waondoe watu wote karibu. Usiweke kiganja chako kwenye tundu la hewa.