Je, Meno ya Plastiki ni Ugonjwa?

Akina mama wa Karagwe na Kyerwa wanayafahamu meno ya plastiki. Ng'ambo ya mto Kagera, huko Uganda, huitwa ebiino. Mtoto mchanga anaharisha na kupata homa, bibi anamfungua kinywa, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi. Hupelekwa kwa mganga, naye huuchimba kwa spoku ya baiskeli na kutoa kitu cheupe, laini, ambacho kila mtu hukiona kwa macho yake.

Wapo wahudumu wa afya wanaowafokea akina mama hao. Matokeo yake mama huficha yaliyotendeka, na mtoto hufika wodini amepungukiwa damu bila sisi kujua sababu. Bwana Yesu hakumkaripia yule mwanamke wa Marko 5 kwa kuzunguka kwa waganga. Alimwacha aeleze habari yake yote.

Lipo somo liitwalo falsafa ya tiba. Jina linatisha, lakini maswali yake ni ya kila siku. Ugonjwa ni nini? Tunajuaje kwamba ni dawa iliyoponya? Mwanafunzi wa uuguzi hukariri vipimo na dozi, lakini asipojiuliza hayo atabaki kugombana na bibi tu.

Maana bibi hasemi uongo. Amewaona watoto waliong'olewa wakapona. Lakini kuhara kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe baada ya siku chache, mradi mtoto asiishiwe maji mwilini. Aliyepona husimuliwa kijiji kizima. Aliyezikwa husemwa kwamba alicheleweshwa. Kwa hesabu ya namna hiyo mganga hashindwi kamwe.

Wala huu si ujinga wa vijijini. Huko Ulaya, tangu siku za Ambroise Paré, mpasuaji wa Ufaransa wa karne ya 16, hadi karne ya 19, madaktari wasomi walipasua fizi za watoto wakiamini kwamba kuota meno huua. Waliwatoa pia wagonjwa damu. Pierre Louis wa Paris alichapisha hesabu zake mwaka 1835. Aliwahesabu wagonjwa wa kichomi, waliopona na waliokufa pia, akaona faida ya kutoa damu ni ndogo kuliko wenzake walivyodhani.

Na kile kitu cheupe? Ni chipukizi la jino, mara nyingi chonge. Mwombe bibi achungulie kinywa cha mtoto mzima wa jirani mwenye umri uleule. Atalikuta humo pia. Likichimbwa, meno ya baadaye huharibika, na vijidudu huingia. Tena mkoa wetu, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983, unajua hatari ya chuma kimoja kupita katika vinywa vingi.

Mama, mtoto akiharisha endelea kumnyonyesha, mara nyingi kuliko kawaida. Mwahishe kituo cha afya apewe maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki. Akilegea, macho yakididimia au akikataa kunyonya, usingoje kuche. Na bibi aje naye, maana ndiye atakayeulizwa na binti wa jirani kesho.