Copernicus Alisema Dunia Inazunguka au Ilizunguka?

Vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza humpa mwanafunzi kanuni hii: ukigeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, rudisha kitenzi katika wakati uliopita, isipokuwa jambo lenyewe likiwa ukweli wa kudumu. Basi mtahiniwa hufundishwa kuandika “Copernicus said that the earth goes round the sun”, na akithubutu kuandika “went” huenda akanyimwa alama. Matumizi yanayofundishwa hapo ni sahihi, ila sababu inayotolewa ndiyo yenye kasoro. Kinachoamua njeo ni msimamo wa anayeripoti, wala si ukweli wa jambo.

Mchukue Ptolemy, aliyefundisha huko Alexandria katika karne ya 2 kwamba jua ndilo linaloizunguka dunia. Naye alidai jambo la kudumu, sawa na Copernicus katika kitabu chake cha 1543. Hata hivyo “Ptolemy said that the sun goes round the earth” inamkwama msomaji kooni, ilhali “went” inapita vizuri. Wakati uliopo humfanya mwandishi aonekane amelitia saini dai la mwingine. Wakati uliopita humwachia msemaji mzigo wake. Vivyo hivyo, “The teacher said that Pluto is a planet” haikumshangaza mtu mwaka 2000. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliiweka Pluto katika kundi la sayari kibete, na leo mwandishi makini angechagua “was”. Sarufi haikuguswa mwaka huo, wala Pluto yenyewe.

Atakayepinga atasema “went” inadokeza kwamba dunia imeacha kuzunguka. La, kitenzi hicho kimefuata tu wakati wa “said” na hakidai lolote kuhusu leo. (Sisi tunaosema “alisema anaumwa” bila kugusa njeo hatuna budi kulizoea hilo.) Isitoshe, “She said she lives in Mombasa” inakubalika kabisa, na kuishi Mombasa si ukweli wa milele, watu huhama. Pingamizi la walimu, kwamba darasa linahitaji kanuni nyepesi, lina uzito zaidi. Lakini ipo iliyo nyepesi vilevile: kwa dai linalosimama hadi leo, njeo zote mbili zipewe alama, na anayechagua wakati uliopo aelezwe kwamba amekubaliana na msemaji.